Barua ya malalamiko: mbao za gari langu mmezifunika kwa stika

Kinondoni,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja wa Gereji,

YAH: KUHARIBIWA KWA MBAO ZA NDANI YA GARI LANGU NA KUFICHWA UKWELI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita niliwaletea Mercedes-Benz W124 ya mwaka 1991 mzirudishie sura mbao zake za ndani: kipande kirefu kinachozunguka gia, kifuniko cha kisahani cha majivu na vipande vya milangoni. Vanishi ya kiwandani ilikuwa imepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, kwa jua la Dar la miaka mingi. Mbao yenyewe ilikuwa nzima. Ni zebrano, mti wa misitu ya Gabon na Kameruni, na michirizi yake ndiyo marehemu baba aliyokuwa akiwaonyesha wageni kabla hata hawajafunga mkanda. Ankara yenu inasema mtatoa vanishi ya zamani na kupiga kliya mpya, yaani vanishi isiyo na rangi. Nililipa shilingi 350,000, zote taslimu.

Nilipokuja kulichukua liling'aa, nikashukuru, nikaondoka. Wiki ya pili, baada ya kuliegesha juani Kariakoo tangu asubuhi, nilikuta ukingo umebinuka karibu na kisahani cha majivu. Nilipougusa ulifuata kidole. Ilikuwa stika yenye picha ya mbao. Chini yake zebrano imebaki mabaka mabaka, kwingine imekwisha kabisa. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini michirizi ya kifuniko haikutani tena na ya kipande cha gia. Zamani ilipita moja kwa moja, kwa kuwa ilikatwa pamoja.

Fundi wenu alikiri mbele yangu kwamba walitumia msasa wa mashine, namba 80. Meneja, ile zebrano ni utando mwembamba wa mbao uliobandikwa juu tu, usiofika hata milimita moja. Vanishi yake hulainishwa kwa joto au kwa dawa ya kutolea rangi, ikakwanguliwa taratibu, kisha mkono ndio unaopitisha msasa laini, wa 320 kwenda juu, kwa kufuata michirizi. Namba 80 ni ya kuparuzia milango ya nyumba. Zaidi ya hayo, klipu mbili za mlango wa dereva zimevunjwa na kipande kimebandikwa kwa gundi, kwa hiyo sasa hakitoki bila kupasuka.

Kuteleza kazini naelewa. Mngenipigia simu siku ile ile mkasema, "Mzee, mbao imekatika," ningesikitika, lakini tungekaa tukatafuta njia. Kinachoniuma ni kwamba mliona, mkanyamaza, mkafunika, kisha mkapokea fedha za kazi ambayo haikufanyika.

Naomba mambo matatu. Mnirudishie shilingi 350,000. Mlipie gharama ya fundi seremala, nitakayemchagua mwenyewe, kubandika utando mpya wa zebrano, pamoja na klipu zilizovunjika. Na kama kuna vipande vyovyote vya mbao ya awali vilivyobaki gerejini kwenu, hata vidogo, msivitupe, nitavifuata mwenyewe.

Nimeambatisha nakala ya ankara, risiti na picha nilizopiga kabla na baada ya kazi. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mwenye gari