Cheni ya taiming umenunua mwenyewe, mbona kazi bado ni ghali?

Wiki iliyopita mteja alituondokea na kinyongo. Alikuja na pikapu yake ya zamani na cheni mpya ya taiming mkononi, akataka tuifunge tu. Tulipomwambia gari linahitaji seti nzima, na kazi ni ya siku mbili, akasema tunamkamua. Si wa kwanza kutuambia hivyo, basi leo tunajibu kwa maandishi.

Cheni hiyo ndiyo inayounganisha kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na kemu, shafti inayofungua valvu. Kranki ikizunguka mara mbili, kemu inazunguka mara moja, na valvu zinafunguka kwa zamu. Mara nyingi cheni haikatiki ghafla, inarefuka. Pini zake zinalika kidogo kidogo, na ukijumlisha viungo vyote, kemu inaanza kuchelewa. Gari linakuwa zito kuondoka, linakunywa mafuta, na asubuhi unasikia mbele ya injini sauti kama mnyororo unaoburutwa. Baada ya sekunde chache inatulia. Inatulia kwa sababu tenshena, yaani kikazio cha cheni, inasukumwa na presha ya oili, na oili ikifika, cheni inakazwa. Hapo ndipo wengi hujipa moyo kwamba ilikuwa baridi tu.

Wakishachoka na kelele, wanaweka oili nzito. Oili nzito inachelewa kufika kwenye tenshena, kwa hiyo cheni inapiga muda mrefu zaidi kila ukiwasha. Wengine wanazungusha distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, mpaka gari lipate nguvu kidogo. Tuliwahi kupokea gari ambalo distributa yake ilishazungushwa hadi mwisho wa nafasi ya bolti. Mwenyewe alikuwa akijivunia! Cheche ilikuwa inawahi, sawa, lakini valvu zilikuwa zinachelewa vilevile. Kuzungusha distributa hakuisogezi kemu.

Sasa hilo la seti. Cheni haiendi peke yake: ina gia mbili, tenshena, na reli zinazoizuia isiyumbe. Ukifunga cheni mpya juu ya gia ambazo meno yake yamechongoka, gia hizo zitaila. Na reli ndizo mbaya zaidi. Kwenye injini kama 22R ya Toyota, injini ngumu tunayoiheshimu sana, reli ni za plastiki, na plastiki ikizeeka inavunjika.

Mzee mmoja alituletea pikapu yake akiamini gasketi ya hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imekufa, kwa sababu oili ilikuwa na rangi ya tope na maji ya radieta yalikuwa yakipungua. Gasketi ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili kwingine. Tulipofungua mbele tukakuta reli imevunjika, vipande vyake viko kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na cheni imekwangua kifuniko chake mpaka ikatoboa njia ya maji. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama ukucha. Cheni ilikuwa mpya kabisa! Aliyeifunga aliacha reli za zamani ili kuokoa hela ya mteja, na mzee akaishia kununua kifuniko, pampu ya maji na oili ya kusafishia injini nzima.

Na siku mbili zinakwenda wapi? Radieta inatoka, feni, mikanda, puli ya kranki ambayo kwenye gari la zamani huwa imeng'ang'ania kama imechomelewa, kisha sampu. Kwenye 22R kuna bolti moja imejificha mbele ya hedi, chini ya dimbwi la oili. Asiyeijua huanza kubandua kifuniko kwa bisibisi, na akisikia tak! ni aluminiamu imepasuka.

Kupanga taiming ndiko kunakotaka utulivu. Pistoni namba moja iwe juu kabisa kwenye mkandamizo, yaani valvu zake zikiwa zimefungwa, alama za gia zikae mahali pake, viungo vyenye rangi viangukie alama hizo. Upande usio na tenshena lazima cheni iwe imenyooka. Kijana wetu mmoja aliwahi kuacha ulegevu upande huo. Alama zilionekana sawa, tenshena ilipoachiwa kemu ikasogea jino moja. Jino moja si kitu kidogo: gia ya kemu ikiwa na meno 36, hizo ni nyuzi 10 za kemu, yaani nyuzi 20 za kranki. Tulifungua upya usiku huohuo, na mteja hakuongezewa hata senti.

Tangu siku hiyo, baada ya tenshena kuachiwa, tunazungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, kamwe si kwa stata. Ikigoma, tunasimama, maana huenda pistoni imekutana na valvu. Viungo vyenye rangi havitarudi kwenye alama baada ya mizunguko hiyo, usishtuke ukisimama pembeni ukaona. Alama za gia ndizo lazima zirudi.

Vifaa vya zamani tunakuwekea kwenye boksi, hata meno ya gia uyapapase mwenyewe. Na ukitaka tusikilize injini kabla ya kukubaliana bei, liache gari kwetu jioni. Ukilileta asubuhi likiwa limeshachemka, ile sauti tutakuwa tumeikosa.