Flamingo Jumamosi hii
Jamani, safari yetu ya kuvua: tunakutana gatini Flamingo, kule Everglades, Florida, saa kumi na mbili kamili asubuhi, boti hazisubiri mtu. Tuko sita, watatu kila boti. Leseni ya kuvua msihangaike, ya boti ya kukodi inawakava abiria, ila kiingilio cha hifadhi ya Everglades mnalipa wenyewe. Oktoba hii mkizi wanapita makundi makundi na snook, samaki wawindaji, wanawavizia pale kwenye mizizi ya mikoko, maji ya magotini tu, kapteni anazima injini anasukuma kwa pondo kama kwetu, kwa hiyo ukigonga ndoo samaki wote washasepa. Samaki tarpon akiwa mkubwa hatolewi majini, picha mpige humo humo. Mbu wa kule hawana adabu, vaeni mikono mirefu. Tipu ya kapteni njooni nayo keshi, mwaka jana nililipa peke yangu na sijasahau 😂