Mdogo wangu, usimtaje shangazi

Mdogo wangu,

Sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Umetoka zamu, umelala chali, ukaamka huwezi kunyanyua hata kidole. Pazia unaliona, makelele ya mtaa wa Kadutu unayasikia, na kifuani mtu amekukalia. Hapo ukamtaja shangazi, kwamba ndiye anakuroga.

Nakujibu mbele ya watu kwa sababu si wewe peke yako. Jina lako sisemi, wala lake.

Mwaka wa Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, jinamizi lilinikaba mimi pia. Nilimwona mwanamke mlangoni, hana sura. Wakati ule sikuwa na ugomvi na mtu. Ningekuwa nao, nadhani ningemvika sura ya huyo mtu. Wewe na shangazi mna kesi ya parsele, kile kiwanja.

Tunapoota, shina la ubongo hulegeza misuli ya mikono na miguu, tusije tukatenda tunayoyaota. Kule Lyon, Ufaransa, mtafiti wa usingizi Michel Jouvet aliharibu kwa paka kisehemu cha ubongo kinachofanya kazi hiyo: paka wakainuka usingizini, wakarukia mawindo yasiyokuwepo. Wewe yamekupata ya kinyume. Akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto bado inaendelea chumbani. Hata misuli ya mbavu imelegea, ndiyo maana kifua kinakuwa kizito. Ila msuli mkubwa wa chini ya mapafu haulali, pumzi haikatiki. Ni sekunde, mara nyingine dakika moja au mbili. (Najua, ukiwa ndani yake ni mwaka mzima.)

Hali hii hupenda watu wenye deni la usingizi. Wewe unalala jua likiwa limewaka, na saa ya mwili, inayofuata mwanga, inakuambia amka. Halafu kile kikombe cha kahawa cha saa kumi usiku: nusu ya kafeini yake inaweza kuwa bado mwilini saa tatu asubuhi. Kinywe mwanzo wa zamu. Tundika kitenge kizito dirishani, lala ubavu. Likikukaba tena, usipigane nalo. Jaribu kutikisa kidole gumba cha mguu tu.

Ila ukianza kusinzia ghafla mchana, au magoti kulegea unapocheka, twende kwa daktari. Huo ni ugonjwa mwingine.

Shangazi sijamwambia kitu. Jana kanipa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikuletee. Nitapita kesho mchana. Nikikuta umelala, nitaziacha kwa jirani.

Yaya wako