Barua kwa Mwanaidi: kilichokuwa kwenye ndoo

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na samahani nyingi zaidi. Najua zamu ya kuandika ilikuwa yangu tangu mwezi ule Baraka alipohama. Nilikuwa naona haya kukuandikia bila matokeo. Sasa matokeo nimepata, na haya imezidi. Mimi mzima lakini, usihofu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikulilia juu ya MUC16, ile musini ya jicho, yaani protini ya ute iliyojaa sukari? Miezi mitatu nakuza seli za konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Naziacha zijae kisahani, kisha nazipa siku saba nyingine kwenye seramu ili zipandiane tabaka na kuanza kutoa musini zake. Nazivunja, napima protini, napitisha kwenye jeli ya akrilamaidi, ile inayochuja protini kwa ukubwa, nasubiri. Hakuna kitu. Msimamizi akasema huenda seli zinazikata na kuzimwaga nje. Si uongo, hutokea: sehemu ya nje ya musini hizi hukatika ikaingia kwenye machozi. Basi mwezi mzima nikawa mvuvi, navua kwenye majimaji ya kukuzia seli. Nikayapitisha kwenye jeli ileile. Hakuna.

Sasa sikia. Alhamisi Salma aliingia kuchukua bafa yake akanikuta na kisu mkononi, nakata ile jeli laini ya juu yenye visima, kama tulivyofundishwa sote: inararuka, inanata, haina kitu, itupe. Akaniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi, "Na hicho unachotupa, umewahi kukitia rangi?"

Nilicheka. Halafu nikanyamaza.

Mwanaidi, protini hiyo ina maelfu mengi ya asidi amino, na hapo hujahesabu sukari. Ukiijumlisha na sukari zake uzito unafika mamilioni ya dalton, kile kipimo cha uzito wa molekuli. Alama nzito kuliko zote kwenye vipimo vyangu ni 250,000! Nilikuwa namsubiri tembo atokee upande wa pili wa chujio la chai. Jioni ile niliinama nikaokota kipande kutoka kwenye ndoo ya taka, nikakisuuza, nikakitia asidi ya periodiki kisha rangi ya Schiff, ile inayoshika sukari. Nikakaa kwenye kigoda nakitazama kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Midomo ya visima sita ikaanza kuiva, waridi kwanza, halafu zambarau, kama imepakwa rangi ya midomo. Vile viwili vya seli changa, ambazo hazijapandiana, vilibaki karibu vyeupe.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Sura ya pili ya tasnifu yangu, ambayo wewe mwenyewe uliisahihisha, ina kurasa kumi na nne za kusifu unene wa kitu hiki. Nimeeleza humo jinsi Golgi, karakana ya ndani ya seli, inavyopachika sukari ya kwanza kwenye serini na threonini, N-asetili-galaktosamini, kisha juu yake galaktosi, na mara nyingi asidi ya siali pale kileleni. Nimeeleza kwamba asidi hizo za siali zina chaji hasi, kwa hiyo vishada vinasukumana na mnyororo unasimama wima kama bua la mtama. Ndiyo sababu maji yanakaa juu ya konea na kope inateleza bila kukwaruza. Hata rangi ya kawaida ya protini inahangaika kuushika, maana umezungukwa na sukari kila upande. Yote hayo nimeandika, tena kwa mbwembwe, kisha nikashangaa mgeni wangu hapiti mlangoni.

Rozi bengali, angalau, haikunisaliti. Hili lazima nikuhadithie. Niliweka visahani viwili, kimoja nikakiogesha kwa laktosi, kingine kwa sukrosi, nikamwagia rangi dakika tano, nikasuuza. Ni ile rangi ambayo daktari wa macho huidondosha akitafuta mahali palipokauka. Kwenye sukrosi, seli zilizopandiana zilikuwa visiwa vyeupe ndani ya bahari nyekundu, rangi imegota nje. Kwenye laktosi visiwa vilikuwa vimezama. Unaona? Galektini-3 ni protini ambayo hushika galaktosi za musini zilizo jirani na kuzisuka pamoja. Laktosi, nayo ina galaktosi, ikija inaijaza mikono, mkeka unafumuka, rangi inapenya. Sukrosi haiijali kabisa. Nilisimama pale na visahani vyangu kama mama aliyejifungua mapacha.

Shangazi alinipigia siku hiyohiyo nikamweleza kwa furaha kwamba nachunguza sukari iliyo juu ya jicho. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, na wewe sukari imekupanda mpaka machoni?" Sasa kila mtu nyumbani ananiombea. Sijui nitaanzia wapi kuwaeleza. Nikiongeza kwamba MUC16 ndiyo ile CA125 inayopimwa kwenye damu ya wagonjwa wa saratani ya ovari, na kwamba kingamwili yangu ya OC125, ile inayoitambua MUC16, ilianza huko, mwaka 1981, hawatalala.

Turudi kwenye ndoo. Sampuli zote bado ziko kwenye friza, hilo linanipa pumzi. Lakini Schiff haichagui, inapaka sukari ya yeyote. Nahitaji kingamwili ili niape kwamba ni MUC16 na si mwingine, na kwa akrilamaidi sitafika. Nahitaji jeli ya agarosi, asilimia moja, ambayo wewe umeipika mara ngapi sijui na mimi sijawahi hata mara moja. Nitumie utaratibu wako. Si ule msafi uliochapwa, nataka ule wenye madoa na maandishi ya pembeni.

Na msimamizi bado sijamwambia. Jumatano tuna kikao. Nimejaribu kuandaa sentensi ya kuanzia na kila moja inaishia kwenye neno "ndoo". Salma anasema nianze na visahani vya laktosi, afurahi kwanza. Naona kama hongo. Lakini sijakataa.

Nijibu basi. Agarosi unaizuiaje isiteleze kwenye kioo ukiisimamisha? Sampuli unachemsha, au unapasha tu? Kuhamisha protini kwenye karatasi ya nitroselulosi unaacha usiku kucha, au nitakuta imekauka asubuhi? Ungekuwa wewe, ungerudia sampuli zote za miezi mitatu au ungechukua nne nzuri? Nimwambie lile la ndoo lote, au niseme tu nimebadilisha jeli? Na macho yako je, bado yanawasha? Bado unalala na lenzi baada ya yote niliyokuandikia hapa? Na Baraka, ameshapata nyumba? Habari ya ndoo usimwambie, nakuomba.

Wako akupendaye,
Tatu