Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Vinyago vya Waguro na Ushahidi wa Asili Yake

Ndugu Wanachama,

Kama katiba ya chama chetu cha wakusanyaji wa vinyago inavyoelekeza, nawasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za mwaka 2025. Ada, hesabu na gharama za vikao zimeelezwa katika taarifa ya Mhazini, kwa hiyo sitazirudia. Nitazungumzia suala lililotawala vikao vyetu mwaka mzima, yaani ushahidi gani tuutake kabla kinyago cha Waguro, watu wa Kodivaa huko Afrika Magharibi, hakijaingizwa katika rejesta ya chama.

Suala hili liliibuka mwezi Machi, pale mwanachama mwenzetu, ambaye ameridhia nilisimulie bila kumtaja, alipoleta kinyago cha Zamble, mmoja wa wahusika wa vinyago vya Waguro, alichokinunua kwa bei kubwa kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Ulaya, kikiwa na karatasi iliyosema kwamba kilichezwa kijijini kabla ya uhuru wa Kodivaa mwaka 1960. Kwa mbele kilipendeza sana: pembe za swala zilizopinda kuelekea nyuma, taya refu kama la mamba, uso mwembamba uliosuguliwa ukang'aa. Mashaka yalianza tulipokigeuza. Matundu ya pembezoni, ambamo hupitishwa kamba za kufungia vazi la mchezaji, yalikuwa na kingo kali kana kwamba yametobolewa jana, na weusi wa ndani ulienea sawasawa kila mahali, hata katika mikwaruzo ya tezo ambako ngozi ya mtu haifiki. Kinyago kilichovaliwa miaka mingi hakiwi hivyo, kwa sababu jasho hukolea pale tu paji, mashavu na kidevu vinapogusa mti, na kamba hula kingo za matundu taratibu. Pamba tuliyoilowesha maji ilitoka na rangi. Mwenzetu aliuziwa kinyago kipya kwa jina la kinyago cha kale.

Napenda ieleweke kwamba upya si kasoro. Waguro, ambao wenyewe hujiita Wakweni, bado wanachonga na kucheza katika maeneo ya Bouaflé na Zuénoula. Ngoma yao ya Zaouli, iliyozuka katika miaka ya 1950 na ambayo mchezaji wake mwanamume huvaa uso wa msichana mzuri uliopakwa rangi kali huku miguu yake ikienda kasi kuliko jicho la mtazamaji, iliingizwa na UNESCO mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Urithi unaotambuliwa hapo unamhusu mchongaji, mshona vazi, mpiga ngoma, mwimbaji, mchezaji na wazee wanaoilinda desturi, na wote hao wako hai na wana jamaa wa kulisha. Kumlipa mchongaji wa leo kwa jina lake na kwa bei ya haki ni ukusanyaji wenye heshima kamili. Anayevunja heshima hiyo ni yule anayefuta jina la mchongaji, akakipaka kinyago weusi, kisha akakiandikia umri wa uongo.

Ukaguzi wa rejesta tuliouanza baada ya tukio hilo ulifichua jambo jingine, nalo limenisumbua zaidi kuliko ulaghai wenyewe. Vinyago vyetu vingi ni vya Gu, mwanamke kijana mwenye paji refu, macho yaliyofumbwa nusu na nywele zilizosukwa kwa ustadi. Zamble tunao wachache. Zauli (si ile ngoma ya Zaouli), mwenye mashavu yaliyovimba na sura ya kutisha, tunaye mmoja tu, na hata huyo tulipewa kama nyongeza. Ilhali kwa Waguro, watatu hawa ni jamaa moja: Gu ni mke wa Zamble, na Zauli ni ndugu wa Zamble, kiasi kwamba upole wa mmoja haueleweki bila ukali wa mwingine. Walikuwa mali ya koo, na watu waliwatolea sadaka na kuwaomba msaada wakati wa shida. Methali yetu husema kwamba kinyago cha kujichongea mwenyewe hakikutishi, lakini huko mchongaji mwenyewe hukiheshimu kinyago kinapokwisha kukabidhiwa wenye mali. Sisi tumewatenganisha jamaa hao kwa kufuata macho ya Paris ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambako uso laini wa Gu ulipendwa na wanunuzi na ule wa Zauli haukupata soko kama lake. Naona ni wajibu wetu kuirekebisha mizani hiyo, hata kama Zauli hatapendeza ukutani.

Kuhusu Dje, yaani vinyago vya ibada ya siri ya wanaume ambavyo wanawake na watoto hawaruhusiwi kuviona, Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba chama hakitavinunua wala kuvionyesha. Najua baadhi yenu mngependa tujadili zaidi, lakini mimi binafsi sioni namna ya kuipenda sanaa ya watu huku tukikanyaga mwiko wao mkuu.

Suala la wizi halihitaji maelezo marefu. Makumbusho ya Ustaarabu ya Abidjan yaliporwa wakati wa machafuko ya mwaka 2011, na kitu chochote kutoka Kodivaa kilichojitokeza sokoni baada ya hapo bila historia inayofuatika lazima kitiliwe shaka. Nasi wa Afrika Mashariki tunalijua jeraha hili. Kinyago cha Wamakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kilinunuliwa Paris mwaka uliofuata na kuingia katika makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller huko Geneva, na hakikurudishwa Tanzania hadi mwaka 2010. Ilichukua robo karne, ingawa kilichodaiwa kilikuwa na ushahidi wa kutosha. Kijiji cha Waguro ambacho hakikuwahi kupiga picha ya kinyago chake kitadai kwa lipi?

Kwa sababu hizo Kamati inaleta mbele yenu pendekezo kwamba kuanzia mwaka ujao kila kinyago kiwe na kadi yenye vipimo, picha za mbele na za ndani, jina la mchongaji iwapo linajulikana, na mlolongo wa wamiliki pamoja na miaka yao. Na kwamba kinyago kinachodaiwa kuwa cha kale ambacho mlolongo wake umekatika kisinunuliwe kwa fedha za chama, kiwe kizuri namna gani.

Kanuni hiyo itaanza na sisi wenyewe. Gu aliye katika jalada la taarifa zetu, ambaye wengi wenu mnampenda na mimi pia, ana karatasi zinazoishia kwenye duka moja la Paris, na nyuma ya hapo hakuna kitu. Napendekeza aondolewe kwenye jalada, na asiuzwe wala kuazimwa hadi asili yake ijulikane.

Naomba kutoa hoja.