Barua kutoka Hoima, Uganda: chumvi, kuni na maji ya moto

Swaibu ndugu yangu,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, mama yako mguu umepoa, Hajati bado anaidai ile pesa na mimi nimemwambia simo. Salamu ziishie hapo, maana nina shida na wewe.

Ile sauti uliyonitumia kuhusu mabomba ya maji moto ya ardhini huko Reykjavik, Iceland, unakosomea, nimeirudia mpaka watoto wangu wameikariri. Nikashuka nayo Kibiro, kijiji chetu cha chumvi kando ya Ziwa Albert, nikampa Mama Zaituni, mpika chumvi wa hapo, asikilize. Uliposema kwamba maji yakishapasha nyumba hupitishwa chini ya njia za miguu ili theluji iyeyuke, alicheka hadi kanga ikamdondoka. "Wanapasha moto njia?" Lakini ulipofika pale pa mwaka 1930, kwamba bomba la kwanza, la kama kilomita 3, lilitoka kwenye chemchemi walikokuwa wakifulia nguo akina mama wa mji, likapeleka joto shuleni na katika nyumba za jirani, na kwamba kabla ya hapo mji ulikuwa ukiota moshi wa makaa ya mawe, akanyamaza. Kisha akauliza: "Na sisi je?"

Hilo ndilo linanikosesha usingizi. Sisi tumeizoea Kibiro tangu utotoni, hatuioni tena. Maji yanatoka ardhini yenyewe, yana joto la zaidi ya nyuzi 80, yananuka yai bovu (naambiwa hata bafu lako huko linanuka hivyohivyo, pole). Na hatua chache tu kutoka hapo, wanawake wanakwangua udongo wa bustani za chumvi walizorithi kwa mama zao, wanauchuja, halafu maji yale ya chumvi wanayachemsha kwa kuni! Kuni zinazoteremshwa kutoka juu ya ule mlima, kichwani. Moshi umeyala macho ya Mama Zaituni, na bei ya mzigo wa kuni sikutajii, utadhani naomba msaada.

Naomba, ila si pesa. Nimesikia kwamba huko Iceland, upande wa Vestfirðir, mahali panaitwa Reykjanes, wapo watu wanaotengeneza chumvi ya bahari kwa joto la chemchemi tu, na kwamba katika karne ya 18 mfalme wa Denmark aliwahi kuwa na kiwanda cha chumvi palepale. Nenda ukaone. Kama ni mbali, muulize mwalimu wako. Mimi nawaza hivi: sinia pana la chuma, maji ya chumvi juu, maji moto yanapita chini bila kuchanganyika nayo. Si lazima yachemke, yakivukizwa taratibu chumvi itabaki. Au chuma kitaliwa na kutu mwezi wa kwanza tu? Wewe ndiye injinia.

Usinijibu kwa habari za bwawa la umeme la Karuma. Najua, megawati 600, imezinduliwa 2024, tumepiga makofi. Jiko la umeme nililonunua sasa ni meza ya redio, kwa sababu tokeni inakwisha kabla ya maharage kuiva, na sigiri imerudi mahali pake. Nchi nzima karibu tunapika hivyo, kwa kuni na makaa. Na wala sitaki mtu anipashie nyumba joto. Hapa Hoima Mungu ameshatupasha, labda watu wa Kabale, kule milimani kwenye baridi, ndio wangeshukuru. Ninachosema ni kwamba joto tunalo, linamwagika ziwani.

Halafu kuna lile bomba la mafuta. Unajua mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo kuanzia Kabaale hapa jirani mpaka Chongoleani kule Tanga, kilomita 1,443, bomba lote lazima lipashwe joto, nyuzi 50 hivi. Nilimweleza Mama Zaituni. Hakucheka. Nilitaka kuongeza neno nikaona bora… basi.

Sasa nijibu. Hao wa Reykjanes wanatumia chuma gani? Chumvi yao inakauka kwa siku ngapi? Zile nyumba 9 katika kila 10 huko Iceland zinazopashwa joto kwa maji moto ya ardhini, mwenye nyumba analipa kwa mita kama sisi au vipi? Wale walionunua nafasi za kufulia kwenye chemchemi, kama zilikuwapo, walilipwa chochote bomba lilipokuja? Hili Mama Zaituni amelisisitiza, na mwenyewe anataka jibu kabla mtu yeyote hajaja Kibiro na ramani. Na ile kozi ya miezi sita inaisha lini? Unarudi na ndevu au umenyoa? Mama yako anauliza hilo kila Ijumaa.

Nduguyo,
Abasi

Michoro ya sinia nimeichora nyuma ya karatasi. Usimwonyeshe mwalimu wako.