Barua kwa wajukuu wanaokwenda kusoma ng'ambo

Wajukuu zangu wa Nairobi, ninyi mliopata ufadhili wa masomo ng'ambo na ninyi mnaongoja majibu, salamu nyingi.

Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege hapa Nairobi kwenda kusoma Marekani. Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, alikuwa amewahangaikia kwa kila hali, na nauli ikachangwa na watu wengi wasiowahi kukanyaga Kenya, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson akiwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai, binti wa Nyeri, akasoma kwa masista Wabenedikto huko Atchison, Kansas. Nawakumbusha haya ili mjue kwamba nauli yenu pia imetoka mfukoni mwa watu, nao wanatarajia zaidi ya shahada.

Mpango wa Fulbright, ufadhili wa masomo wa Marekani, ulianzishwa 1946, mwaka mmoja tu baada ya vita vikuu, kwa imani kwamba watu waliowahi kuishi pamoja hawatakimbilia bunduki. Wanaokwenda kwa mpango huo, na wale wa ufadhili wa Chevening wa Uingereza, hutakiwa kurudi kwao kwa miaka 2 baada ya masomo. Wengi wenu mnaliona sharti hilo kama kifungo. Mimi naliona ndilo kiini chenyewe: msiporudi, nani atatusimulia mliyoyaona?

Kinachonitia hofu ni kujifungia. Wakenya chumba kimoja, ugali wao, siasa zao za nyumbani, mpaka siku ya kuhitimu hawajaingia nyumba ya mwenyeji hata moja. Siwalaumu; baridi ya Januari kule ni kali na upweke unauma. Pikeni ugali, lakini mwiteni na Mkorea wa bweni lenu, mumwonyeshe kumega na kuchovya. Mkialikwa sikukuu, msikatae kwa haya. Nendeni na zawadi ndogo, ulizeni kama viatu vinavuliwa mlangoni, kisha saidieni kuosha vyombo, maana jikoni ndiko watu husema ya moyoni. Wakiwauliza habari za kwetu, semeni kweli: msiipambe Kenya, wala msiililie ili muonewe huruma.

Tena msingoje viza. Vyuo vya hapa Nairobi vina wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Somalia na Rwanda, nao wako mbali na mama zao kama mtakavyokuwa ninyi. Ni nani kati yenu amewahi kumkaribisha mmoja nyumbani kwa chakula cha Jumapili? Mkaribisheni mwezi huu, kabla hamjafunga mizigo.

Ni mimi nyanya yenu,
Nairobi